Mambo ya kuweka sawa kabla wathamini na maji ya Msimbazi hawajafika mlangoni

Kama unaishi au unafanya biashara Jangwani, Kigogo, Vingunguti au popote maji ya Mto Msimbazi yanapofika hapa Dar es Salaam, yapange haya kabla masika hayajaanza. Msaada wa serikali upo. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusu kuutanua mto, kujenga daraja jipya la juu pale Jangwani na kuwahamisha kwa fidia walio kwenye njia ya maji. Lakini fidia haimfuati mtu aliyelia sana. Inafuata jina na karatasi.

Kitambulisho cha NIDA: hakikisha jina lake linafanana na la kwenye akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Leseni ya makazi, hati ya mauziano, stakabadhi za kodi ya jengo: toa nakala, moja ikae kwa ndugu anayeishi mlimani. Zipige picha pia, uzitume kwa watu wawili.

Sasa mirathi, na hapa naomba usome taratibu.

Baba yangu alinunua kiwanja chetu cha bondeni miaka ya themanini. Hati iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi watatu. Alipofariki hakuna aliyefungua mirathi. Tulisema nyumba ni ya wote, ya nini kupelekana mahakamani? Ikaja mvua ya Desemba 2011. Maji yalifika dirishani usiku, tukapanda juu ya paa na watoto. Sanduku la chuma lililokuwa chini ya kitanda tulilipata kesho yake limejaa tope. Dada alizianika karatasi juu ya bati moja moja, akiziwekea mawe zisipeperuke. Zilikauka, ila wino ulikuwa umeondoka.

Miaka ikapita, wathamini wakaja. Wanapima nyumba, wanahesabu vyumba na miti, kisha mwenye mali anapigwa picha mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao chenye namba. Nani ashike kibao? Kaka mkubwa alikishika, akaandikisha jina lake. Hakuwa na nia mbaya, lakini baba mdogo alisikia na akaweka pingamizi. Malipo yakasimama.

Tukaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo kilikuwepo. Muhtasari wa kikao cha ukoo tuliandika mara tatu kwa sababu kila mara kuna aliyegoma kusaini. Uthibitisho wa ununuzi ndio uliotutesa: muuzaji alishafariki, mjumbe naye, na mashahidi wawili pia. Alibaki bibi mmoja Mkuranga. Tulimfuata mara mbili; mara ya kwanza alikuwa mgonjwa. Mara ya pili alikumbuka kila kitu, hadi rangi ya shati alilovaa baba siku ile. Ushahidi wake ndio uliotuvusha. Mama alifariki shauri likiwa bado mahakamani, kwenye chumba cha kupanga.

Kwa hiyo nenda kafungue mirathi mwezi huu, wakati hakuna hela ya kugombania. Mkishaiona hela, kikao cha ukoo hakiishi.

Siku ya uthamini kaa nyumbani. Usimwachie mpangaji wala kijana wa dukani. Kabla ya kusaini fomu hesabu mwenyewe: choo, ukuta, kisima, mwembe. Baki na nakala. Ikishatangazwa tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali, usiongeze hata chumba kimoja. Na kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde hili zilipigwa alama ya X nyekundu, nyingi zikavunjwa, na wapo waliokuwa wamemaliza kupaua juzi tu.

Mwenye biashara, kanuni za fidia zinatambua hasara ya faida kwa miezi 36, lakini lazima faida yenyewe ionekane kwenye hesabu. Mama lishe, fundi cherehani, mwenye genge: nunua daftari leo, andika mauzo na matumizi kila jioni. Leseni na risiti za mzigo zikae pamoja nalo. Ukiwa na bima, muulize wakala kama mafuriko yamo, akuonyeshe yalipoandikwa.

Mengine unayajua. Friji na mashine ziwekwe juu ya matofali, viroba vya mchanga viwe mlangoni, umeme uzimwe kabla maji hayajafika kwenye soketi. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Namba ya zimamoto ni 114. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu vyoo vyote vya bondeni vinafurika pamoja. Usivuke daraja lililofunikwa, hata ukiona bodaboda wanavuka. Na watoto wasitumwe ng'ambo ya mto wingu likiwa jeusi upande wa Pugu, hata kama kwenu jua linawaka, kwa sababu maji yanayotufuata huku huwa yamenyesha kule.