SOMO: Implanti ya jino inavyoshikana na mfupa wa taya, iwekwe siku ya kung'oa au usubiri?

Wakuu, kila anayeulizia implanti (skrubu ya madini ya titani inayopandikizwa kwenye taya ili ibebe jino bandia) anataka ang'olewe na kuwekewa siku hiyo hiyo. Inawezekana, ila mwenye kauli ni mfupa wako, so twende taratibu.

Hatua ya 1, siku ya kuwekwa. Skrubu ya titani inashikwa na ule msokoto wake tu, kama skrubu kwenye ubao, bado haijaungana na kitu. Madaktari wengi wanataka ikazike kufikia Ncm 35 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza skrubu) ndo wathubutu kuweka jino la muda juu yake. Na drili imwagiwe maji muda wote, mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaungua, hapo kushikana kunakuwa shida.

Hatua ya 2, wiki ya 2 mpaka ya 4, na hapa nawaomba sana muwe makini maana maumivu yameisha na watu wanajiachia. Mfupa wa zamani uliobana skrubu unaliwa na seli ili ujengwe mpya, na mpya haujakomaa, kwa hiyo mshiko unakuwa mdogo kuliko hata siku ya kwanza. Ukitafuna muwa upande huo, skrubu ikichezacheza inazungukwa na nyama ya kovu badala ya mfupa, na hiyo haibebi jino.

Hatua ya 3, mfupa mpya unagandana na titani. Brånemark, daktari wa Sweden aliyemwekea mgonjwa wa kwanza implanti ya titani 1965, alikuwa anasubiri kama miezi 3 taya la chini na 6 la juu, kwa sababu la juu mfupa wake ni laini. Skrubu za siku hizi zina uso wa kukwaruza, zinashika mapema zaidi.

Sasa lini? Siku ya kung'oa, shimo ni pana kuliko skrubu, inabidi ing'ang'anie mfupa wa chini ya shimo na pengo lijazwe unga wa mfupa. Na msidanganyike kwamba kuweka siku hiyo hiyo kunazuia mfupa kuisha, ule ukuta wa mfupa wa mbele ya shimo mara nyingi haufiki hata mm 1 na unaliwa tu. Wiki 4 mpaka 8 fizi imeshafunga. Ukikaa mwaka shimo limejaa, ila upana wa taya unaweza kupungua karibu nusu.

MASWALI

Mdau: Jino la mbele lilikuwa na usaha, dokta kasema nirudi baada ya wiki 6, ananizungusha?
Jibu: Hapana ndugu, anataka usaha uishe na fizi ifunge. Msikilize.

Mdau: Nina sukari na navuta sigara.
Jibu: Sukari ikiwa imedhibitiwa inawezekana. Sigara acha kabla na baada, inabana mishipa ya damu, mfupa unajengwa kwa damu.

Mdau: Yangu ina miezi 5, inacheza ila haiumi.
Jibu: Nenda kesho. Inawezekana ni kofia tu (jino bandia la juu) imelegea, hiyo inakazwa inaisha. Ikiwa ni skrubu yenyewe kwenye mfupa haikazwi, inatolewa, taya lipone ndo uanze upya.