Ukiambiwa una sukari: jinsi nilivyoipanga upya siku yangu ya cherehani

Kilichonipeleka kupima ni sindano. Nilikuwa na sare kumi na mbili za kicheni pati mezani, nikakaa robo saa nzima nashindwa kutunga uzi. Kwa miezi miwili nyuma nilikuwa naamka usiku mara nne, mara tano kwenda chooni, na ndoo ya maji ya kunywa niliimaliza kama mtu aliyetoka shamba. Nikasema ni umri, nitafute miwani. Dada mmoja mteja wangu, muuguzi, akanikatalia: "Mama Salma, kapime sukari kwanza."

Asubuhi, tumbo tupu, ilisoma 13.8 (namba zote za sukari hapa ni za mmol/L, kipimo cha mashine zetu). Kuanzia 7.0 kwenda juu kabla ya kula, kipimo kikirudiwa na kuleta majibu yaleyale, hicho ni kisukari. Na la miwani alikuwa sahihi kabisa. Sukari ikiwa juu lenzi ya jicho hubadilika, na ukipimwa miwani wakati huo, wiki chache mbele sukari ikitulia haitakufaa tena. Mimi niliona vizuri baada ya mwezi na nusu. Kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kutoa hela ya miwani. Uchunguzi wa ndani ya jicho ni jambo jingine, huo ufanyiwe mapema, halafu kila mwaka.

Nilitoka kliniki na vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari, na karatasi ya vyakula vya kuacha. Karatasi haikuniambia siku yangu Tandika itakwendaje, mtu ninayefungua fremu saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku. Hayo nimeyajifunza kwa miaka mitatu, na ndiyo ninayotaka kukupa.

Asubuhi

Pima kabla ya chai. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke vizuri. Kuna siku nilimenya embe, nikapima, mashine ikasoma 17. Nikatetemeka. Nikanawa, nikarudia: 8.1. Ilikuwa sukari ya embe kwenye kidole. Toboa ubavuni mwa kidole, kwa sababu kwenye ncha panauma zaidi, na badilisha vidole. Mimi kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia sivigusi, ndivyo vinavyoshika sindano. Kopo la vijiti vya kupimia lifunge mara tu unapotoa kimoja, unyevu wa Dar unaviharibu, na usiliache kwenye fremu ya bati mchana kutwa.

Namba naziandika nyuma ya daftari lilelile la vipimo vya wateja. Mbele kifua, kiuno na urefu wa gauni, nyuma sukari. Daftari hilo siwezi kulisahau nyumbani, ndiyo maana nikalichagua. Wengi wetu tunaambiwa tulenge kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili zikipita baada ya kula, lakini daktari wako anaweza kukuwekea lengo lako. Usipime asubuhi tu. Kipimo cha baada ya kula ndicho kilichonifundisha chakula: vitumbua vitatu na chai vilinipeleka 14, muhogo wa kuchemsha vipande viwili na maharage ukaniacha kwenye 9. Mwili wako utakuwa na hesabu zake.

Metformin meza katikati ya chakula au mara baada yake. Niliimeza tumbo tupu wiki ya kwanza, nikaharisha hadi nikataka kuiacha. Kama bado inakusumbua, rudi ukaseme. Usiache kimyakimya, wala usiibadilishe kwa chupa ya yule anayenadi dawa ndani ya daladala.

Chungu na sinia

Nyumbani kwetu chai ilipikwa na sukari humohumo sufuriani. Hilo ndilo la kwanza nililobadilisha: sukari ikae kwenye kopo, kila mtu ajitilie kikombeni. Watoto walinung'unika siku tatu. Asali na sukari guru havina huruma zaidi, vyote vinapandisha. Juisi ya miwa nimeiaga, na hata juisi ya machungwa, kwani bilauri moja inakamua machungwa matatu au manne ambayo ungeyala usingeyamaliza. Kula chungwa moja na nyuzi zake.

La pili ni sinia. Tunakula pamoja, mkono unakwenda, maneno yanakwenda, na huwezi kujua umekula kiasi gani. Sikutaka kujitenga na watu wangu, kwa hiyo nakaa palepale mkekani lakini najipakulia sahani yangu kwanza. Nusu ya sahani ni mboga: mchicha, matembele, kisamvu kisichozidi nazi. Robo ni samaki, dagaa au maharage. Robo iliyobaki ndiyo wali au ugali, kama ngumi yangu. Naanza na mboga na samaki, wali nauweka mwisho. Dona ni bora kuliko sembe, ila dona nayo ni wanga, ukijaza sahani sukari itapanda vilevile. Na uji wa lishe, ambao kila mgeni aliyekuja kuniona aliniletea unga wake, ulinipandisha haraka kuliko wali.

Wala usikubali kupikiwa chungu chako peke yako. Tulijaribu, nikala kwa majonzi, na kila mtu akaniangalia kama mgonjwa wa kulazwa. Chakula changu kinawafaa wote nyumbani, hasa ukizingatia kwamba kisukari hiki cha ukubwani hutembea kwenye ukoo.

Kwa mama ntilie nasema mapema: "Wali nusu, niongezee maharage na mboga." Sasa ananijua, hata sisemi.

Kukaa na kutembea

Kazi yangu ni ya kukaa. Meza ya pasi nimeihamishia upande wa pili wa fremu, kila mshono nikiumaliza lazima niinuke. Baada ya chakula cha usiku mimi na baba Salma tunazunguka mtaa dakika kumi na tano. Siku nisizotembea naliona kwenye daftari.

Miguu

Hapa naomba usome polepole. Jioni moja nilikuwa nafagia fremu, nikaona matone ya damu sakafuni. Nikadhani nimejikata kidole cha mkono. Nilipoinua kandambili, pini ilikuwa imepenya soli na kuingia kwenye nyama ya kisigino, na mimi nilikuwa nimetembea nayo sijui tangu saa ngapi. Sikusikia chochote. Sukari ikikaa juu muda mrefu mishipa ya fahamu ya miguuni hufa ganzi, na kidonda usichokisikia ndicho kinachofika kukatwa mguu. Kesho yake alfajiri nilikuwa kliniki, kikasafishwa, kikapona kwa wiki tatu.

Tangu hapo fremuni navaa viatu vya kufunika, vya kuenea. Nimenunua sumaku ya kuokotea pini. Kabla ya kuvaa, nakung'uta kiatu na kupitisha mkono ndani. Usiku natazama nyayo kwa kioo kidogo, na katikati ya vidole napakausha bila kupaka mafuta. Maji ya kuoga napima joto kwa kiwiko. Sugu sikwangui kwa wembe.

Kazi zikizidi

Januari ni sare za shule, na kabla ya Idi ni hatari kabisa. Januari moja nilikuwa nimeongezewa glibenklamaidi, kidonge kinacholazimisha kongosho kutoa insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, hata kama hujala. Nikameza asubuhi, nikasema nitakula nikimaliza kaptula hizi. Saa nane mchana jasho baridi likanitoka, mikono ikatetemeka, nikamfokea mtoto wa watu bila sababu. Mashine ilisoma 3.1.

Chini ya 4 usingoje: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia. Ikipanda, kula chakula. Mtu aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Kopo la sukari liko kwenye droo ya nyuzi, na msichana wangu wa kazi anajua kazi yake. Saa saba mchana cherehani inasimama, mteja akae asikae.

Kwa wanaofunga: nenda kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, saa za dawa zipangwe upya. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.6, fungua.

Kliniki nenda na daftari, na uulize kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Wengi huambiwa walenge chini ya asilimia 7. Yangu ya mwisho ilikuwa 6.9. Ya kwanza ilikuwa 11.2, na bado imeandikwa kule nyuma ya daftari, chini ya kipimo cha gauni la bibi harusi.