Gemu za Kupigana na za Uhusika: Pa Kuanzia Ukiwa Malindi

Gemu za kupigana zicheze kwenye kibanda cha gemu. Zile za uhusika, ambazo unamchukua mtu dhaifu ukamkuza hadi akawa shujaa, zicheze nyumbani. Kibandani muda unalipiwa na aliyeshindwa humpisha anayengoja, kwa hivyo hakuna atakayekuvumilia ukae unasoma mazungumzo ya wafalme na wachawi huku foleni imefika nje.

Kwa kupigana, anza na Tekken. Ukibahatika kupata kibanda, Maweni au Shela, chenye Tekken 3 iliyoingia PlayStation mwaka 1998, keti hapo kwanza. Vitufe vinne ni viungo vinne: mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Dakika chache tu, vidole vimeshaelewa.

Sasa jifunze kukinga kabla ya kupiga. Hapa ndipo vijana wengi hapa kwetu hukwama miaka na miaka, wanafinya vitufe ovyo wakiomba bahati. Shika nyuma, umekinga ukiwa umesimama. Shika chini na nyuma pamoja, umekinga ukiwa umechutama. Pigo la juu humpita aliyechutama, la kati humpata aliyechutama, la chini humpata aliyesimama. Basi simama kama kawaida yako, uchutame pale tu unapoliona pigo la chini linakuja. Mwombe mwenzio akupige kati na chini kwa kubadilisha, wewe usirudishe hata ngumi moja mpaka macho yazoee. Fanya hivyo usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, wakati watu wametulia na hawana haraka, utaona tofauti.

Mazoezi hayo ndiyo dawa ya Eddy Gordo. Kila kibanda kina kijana anayemchagua Eddy, yule Mbrazili wa kapoera, akafinya vitufe vya miguu tu hadi mwisho. Usikasirike wala usimwite mwizi. Kinga, ngoja mateke yaishe, kisha mpige pigo moja la hakika. Rudia hivyo hivyo. Akiona hapati kitu atabadilisha mtu mwenyewe.

Chagua mhusika mmoja ukae naye. Mimi nampenda King, mwanamieleka mwenye kinyago cha jagwa, mnyama wa jamii ya chui, kwa sababu anamlazimisha mpinzani afikiri: nitakabwa au nitapigwa? Tekken 8 ya 2024 ni nzuri kwa macho, lakini inampendelea sana anayeshambulia, na mgeni hapati nafasi ya kupumua. Irudie baadaye.

Street Fighter 6 ya 2023 naiheshimu kuliko zote kwa namna inavyomfundisha mtu. Ina mtindo wa vitufe wa kisasa unaotoa mapigo maalum kwa urahisi, japo nguvu yake hupunguzwa kidogo. Nakushauri bado ujifunze njia ya zamani: chini, chini-mbele, mbele, ngumi. Telezesha kidole gumba bila kukiinua. Hilo ndilo pigo la mpira wa moto la mhusika Ryu; ukitoka kila unapoutaka, pande zote mbili za skrini, uko tayari.

Mortal Kombat ina kitufe chake cha kukinga, jambo linalomfaa mgeni, ila damu yake imezidi. Watoto wakiwa chumbani, iache.

Ukicheza kwenye televisheni bapa, tafuta kwenye mipangilio hali ya gemu uiwashe. Gemu hizi zinakwenda picha 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka ya wahusika wengi wa Tekken hufika kwa picha 10. Televisheni ikichelewa kidogo tu, umeshapigwa.

Nyumbani sasa. Anza na Final Fantasy VII ya 1997. Zamu za vita zinakupa muda wa kufikiri, na Kiingereza chake kinasomeka. Mkalishe mdogo wako kando akusomee kwa sauti. Vumilia mji wa Midgar mpaka utoke nje, maana hapo ndipo dunia inafunguka. Ukipata jiwe la Restore, la uchawi wa kutibu, na jiwe la All, yaweke kwenye matundu mawili yaliyoungana ya silaha: uchawi mmoja utawatibu wenzako wote. Mtu asiyejua hili huteseka bure.

The Witcher 3 ya 2015 ndiyo yenye hadithi bora niliyowahi kucheza. Kisa cha yule baroni mlevi na familia yake kinauma kweli. Ila mazungumzo ni mengi, kwa hivyo ije ya pili. Skyrim ni pana, lakini upanga wake hauna uzito mkononi.

Elden Ring ya 2022 iwe ya mwisho. Yule mpanda farasi wa dhahabu utakayemkuta mwanzoni, mpite mbali. Margit, adui mkubwa wa mwanzo, akikushinda, geuka, shuka kusini hadi Weeping Peninsula, ongeza Vigor, yaani uhai wako, kabla ya nguvu za kupigia, ndipo urudi. Hii hujihifadhi yenyewe njiani. Final Fantasy VII ya zamani haifanyi hivyo, na stima zetu unazijua: ukifika tu kwenye ramani ya dunia, hifadhi, na usitegemee nafasi moja tu ya memori kadi. Zipo 15.