Jinsi ya kutafuta miiba ya nungunungu iliyodondoka, Nyanda za Juu Kusini

Ulaya na Marekani wapo watu ambao kila mwaka huingia porini kutafuta pembe zilizodondoshwa na kulungu dume. Kulungu wa huko huangusha pembe na kuota nyingine. Pongo na pofu wetu hawana tabia hiyo: pembe zao zina kiini cha mfupa kilichoshikamana na fuvu, nazo hukaa mpaka mnyama afe. Kinachodondoka huku kwetu mnyama akiwa mzima ni mwiba wa nungunungu, na kuutafuta kunakufundisha kusoma ardhi kuliko matembezi mengine yote ninayoyajua.

Kabla ya yote: huokoti, unapiga picha

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, sehemu ya mnyamapori, hata iliyookotwa, ni nyara ya Serikali. Kukaa nayo bila kibali ni kosa. Kwa hiyo mwiba unauacha ulipo. Mimi naona ni afadhali hivyo, maana mwiba ulio chini bado unakuonyesha njia ya mnyama, na mwenzako atakayepita kesho ataukuta.

Hatua ya 1: Waulize wakulima

Nungunungu hula usiku, na chakula chake ni mizizi, viazi, mihogo na mahindi. Mwenye shamba kando ya msitu anajua anakopita. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, jieleze, kisha nenda shambani. Salimia vizuri, msikilize mkulima malalamiko yake mpaka amalize. Kaliwa viazi vyake, ana haki ya kulalamika. Mara nyingi atakupeleka mwenyewe. Ukitaka kuingia kwenye hifadhi kama Mlima Rungwe, fuata utaratibu wa kibali.

Hatua ya 2: Chagua wakati

Juni hadi Oktoba ni kiangazi, nyasi zimelala. Nenda mapema kabla moto haujapita, kwa sababu mwiba nao huungua. Toka asubuhi jua likiwa chini, utembee ukilielekea: vivuli vya nyayo vinajitokeza, na pete nyeupe za mwiba zinang'aa.

Hatua ya 3: Fuata njia yake

Nungunungu hurudia njia zilezile. Tafuta uchochoro mwembamba unaopita chini ya vichaka, mashimo madogo alikochimba mizizi, na magome yaliyotafunwa chini ya shina la mti. Unyayo wa mguu wa nyuma una kisigino kirefu, na pembeni mwake unaweza kuona mistari ya miiba iliyoburuzwa kwenye vumbi. Miiba hudondoka zaidi anapojipenyeza. Kwa hiyo inama, chungulia chini ya kichaka na kwenye mdomo wa pango au shimo. Nungunungu hupenda kukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Usiingize mkono. Nyoka na nyuki nao hukaa humo. Tumia fimbo, vaa buti.

Ukikuta mifupa mikavu yenye alama za meno mlangoni, usishtuke: nungunungu huguguna mifupa kupata madini na kunoa meno.

Hatua ya 4: Soma mwiba

Hapa usiwe na haraka. Piga magoti. Mwiba wa mgongoni una pete nyeusi na nyeupe, umenenepa katikati, ncha moja kali, na upande wa shina umechongoka na kuwa mwembamba pale uliposhika ngozi. Wa mkiani ni tofauti kabisa: ni kijibomba kifupi chenye mdomo wazi, kimesimama juu ya kijiti chembamba. Vikigongana ndivyo vinavyotoa ule mlio wa kutishia. Na nungunungu harushi miiba kama mishale, watu huamini hivyo bure. Hurudi kinyumenyume kwa kasi na kumchoma adui, na miiba hung'oka kirahisi.

Mwiba mmoja mmoja wenye shina safi umedondoka wenyewe. Lundo la miiba lenye ngozi, manyoya au damu maana yake ameuawa, na chui au na watu. Angalia kama kuna waya karibu. Ukiuona mtego, usiuguse; mjulishe askari wa wanyamapori au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Weka kumbukumbu

Laza kalamu kando ya mwiba ili urefu uonekane, piga picha moja ya karibu na moja ya mandhari, andika tarehe na mahali. Mahali pa shimo lenyewe usipaweke mtandaoni. Wawindaji haramu nao wanasoma.