Mambo ya kuandaa nyumbani kabla ya dripu ya kwanza ya saratani

Dawa za saratani zinazotolewa kwa dripu (kemotherapia) hushambulia chembe zinazogawanyika haraka, na kwa kuwa mizizi ya nywele, utando wa kinywa na utumbo, pamoja na uboho unaotengeneza damu navyo vina chembe za namna hiyo, mwili mzima huonja ukali wake. Mgonjwa anayetibiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, mara nyingi hurudi nyumbani baada ya dripu, hivyo madhara mengi huikuta familia, wala si wauguzi.

Kubwa kuliko yote ni homa. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, kwa kawaida hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na katika siku hizo joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura hata kama mgonjwa anaongea na kucheka. Kwetu ukanda wa ziwa, mtu akichemka mwili wazo la kwanza ni malaria, na mkono huenda moja kwa moja kwenye dawa ya mseto na panadol. Malaria ipo kweli, lakini ipimwe hospitalini pamoja na wingi wa chembe za damu, kwa sababu panadol hushusha joto na kuficha maambukizi yanayohitaji antibiotiki za mshipa bila kuchelewa. Kwa hiyo nunueni kipimajoto mapema, andikeni namba ya simu ya wodi mahali panapoonekana na wote, tengeni nauli isiyoguswa, na mkubaliane ni jirani gani mwenye gari atakayeamshwa saa nane za usiku. Anayetoka Sengerema au Geita amepunguziwa adha tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Anayeishi Ukerewe, ambako usiku kupata chombo ni shida, ningemshauri akae kwa ndugu mjini Mwanza mpaka siku hizo za hatari zipite.

Dawa za kuzuia kutapika zinywewe kwa saa zilizoandikwa, bila kusubiri kichefuchefu kianze, maana kikishaanza ni vigumu kukituliza. Mpishi aandae uji mwepesi na mchemsho wa sato kwa kiasi kidogo kidogo, na dagaa wakaangiwe mbali na chumba cha mgonjwa, kwa kuwa harufu pekee yaweza kumtapisha. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yale ya bomba. Mswaki uwe laini, na kinywa kisukutuliwe kwa maji yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula.

Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo na matapishi huwa bado yana mabaki ya dawa. Anayesafisha avae glavu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na kazi hiyo asipewe mjamzito.

Suala la wageni ni gumu zaidi kulitamka kuliko kulipanga. Ugonjwa mkubwa ukiingia nyumbani ukoo wote huja kutoa pole, na mgonjwa hawezi kumkataza shemeji mwenye mafua. Afadhali kazi hiyo apewe shangazi au kaka mkubwa, mtu ambaye neno lake halileti kinyongo, awapokee wageni barazani. Huyo huyo apokee pia mitishamba inayoletwa kwa nia njema, na isinywewe kabla daktari hajaulizwa.

Nywele huweza kuanza kutoka baada ya wiki 2 au 3, ikitegemea dawa. Wengine huona ni heri kunyoa mapema.

Mwisho, wekeni daftari moja la kuandika joto, idadi ya kutapika, kuharisha, vidonda vya mdomoni na siku alizoshindwa kula, liende kliniki pamoja na kadi, kwa kuwa kutokana na maelezo hayo na kipimo cha damu daktari anaweza kubadili dawa ya kichefuchefu, kupunguza dozi au kuisogeza mbele.