Kupanga msafara wa baiskeli na hema kwa kikundi: Lubumbashi hadi Likasi kwa siku nne

Wengi wanaoniomba niwasaidie kupanga msafara huja na ramani mkononi. Wameshajumlisha kilomita, wameshagawa kwa siku, na wanataka tu niseme kama hesabu ni sawa. Mimi nawauliza kitu kimoja: usiku wa kwanza mnalala kwa nani? Barabara ya Likasi, huku kusini-mashariki mwa Kongo, haihami. Lakini mahali penye nafasi ya watu kumi, maji safi, na mwenyeji aliyekubali mapema, hapo ndipo panapoamua mtapiga pedali kilomita ngapi siku hiyo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwenye malazi na kurudi nyuma hadi kwenye baiskeli.

Hatua ya 1: Chagueni majuma

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Masika yakishashika, kuanzia Novemba, njia za udongo zinakuwa tope na mahema yanalala ndani ya maji. Septemba na Oktoba jua ni kali, na moshi wa mioto ya pori umetanda kila upande. Mimi napenda Juni na Julai. Sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni, inawapa wafanyakazi siku ya ziada, na baada yake wanafunzi wako likizo.

Ila Juni ina baridi. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa Juni au Julai kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Anayedhani Kongo yote ni joto atatetemeka hadi asubuhi. Tutarudi hapo kwenye mizigo.

Kuna sababu nyingine ya kiangazi ambayo wengi hawaifikirii: upepo. Wakati huo unavuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na Likasi iko kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Kwenda, upepo unawasukuma mgongoni. Kurudi, unawapiga usoni siku nzima. Ndiyo maana napanga safari ya kwenda tu, na kurudi tunapanda gari.

Hatua ya 2: Tafuteni wenyeji kabla ya kutangaza safari

Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi za lami. Mwendesha baiskeli hodari anazimaliza kwa siku moja, lakini kikundi chenye mizigo, chenye dada aliyenunua baiskeli mwezi jana na mjomba mwenye goti bovu, hakiwezi. Hesabu ya kikundi ni kilomita 12 kwa saa, bila kuhesabu mapumziko. Juni jua linatua kabla ya 18:00, na mahema yanatakiwa yawe yamesimama wakati bado mnaonana sura. Ukiondoka alfajiri na kufika mapema alasiri, unapata kilomita 45 hadi 50 kwa siku bila kumuua mtu.

Mpango wangu ni huu. Siku ya kwanza kama kilomita 45, hadi shamba la mtu tunayemfahamu kabla ya Lwisha. Siku ya pili mpaka Kapolowe, halafu tunaacha lami na kushuka upande wa ziwa Tshangalele. Siku ya tatu hatusogei: watu wanafua, wanatengeneza baiskeli, wanatazama ndege na wavuvi. Siku ya nne ni kipande kifupi mpaka Likasi. Siku ya mapumziko msiikate hata mtu akiwabembeleza. Mara nyingi anayetaka ikatwe ndiye mwenye miguu mizuri kuliko wote.

Juma mbili kabla ya kutangaza, watu wawili waende kwa pikipiki au basi kuonana na wenyeji uso kwa uso. Simu haitoshi. Kijijini mnaanza kwa chifu. Mnasimama mbali kidogo na nyumba, mnapiga makofi taratibu, mnangoja kuitwa. Halafu mazungumzo yanakwenda hivi:

"Jambo, baba chifu."

"Jambo, watoto. Mnatoka wapi?"

"Tunatoka Lubumbashi, baba. Tumekuja kuomba mahali pa kulala usiku mmoja, sisi na wenzetu kumi wa baiskeli."

"Baiskeli? Mnauza nini?"

"Hatuuzi, baba. Tunatembea tu."

Hapo atacheka, maana kwenye barabara hii mtu wa baiskeli ana gunia la makala (mkaa) nyuma, na hakuna anayejitesa bila faida. Mwacheni acheke. Kisha mwelezeni siku, idadi, kwamba mtakuja na chakula chenu, na kwamba moto mtawasha pale atakapowaonyesha. Zawadi isiwe kubwa: sukari, chumvi, sabuni. Mkimpa pesa nyingi, mmewaharibia watakaokuja nyuma yenu. Kabla ya kuondoka ulizeni mambo mawili: kisima kiko wapi, na choo mtatumia kipi.

Hatua ya 3: Maji, na hili lisomeni polepole

Kila mtu anywe lita 4 hadi 5 kwa siku akiwa barabarani. Ongezeni ya kupika na kunawa. Kila baiskeli ibebe bido (dumu) ya lita 5, na mjaze kila mnapopata maji mazuri hata kama bido bado ina nusu.

Kinachotutofautisha na wenzetu wa mikoa mingine ni migodi. Kuchemsha kunaua vijidudu. Vidonge vya klorini pia vinaua vijidudu, mkingoja nusu saa kabla ya kunywa. Lakini kobalti, shaba na metali nyingine haziondoki kwa moto wala kwa klorini. Ukichemsha maji yakapungua, unazibakiza zikiwa nyingi zaidi ndani ya kikombe. Mto Panda unapita kwenye viwanda vya Likasi, unaingia Lufira, na Lufira inaingia Tshangalele. Watafiti wamekuta metali hizo ndani ya ziwa na kwa watu wanaoishi jirani. Kwa hiyo maji ya ziwa si ya kunywa wala ya kupikia, hata yakiwa meupe kama kioo. Chukueni kwenye visima virefu na chemchemi ambazo wanakijiji wenyewe wanakunywa, na juu ya hapo chemsheni au tieni klorini. Kuogelea waulizeni wavuvi kwanza. Mimi naoga kwa ndoo tu, maana kichocho nacho kinakaa kwenye maji yaliyotulia.

Ziwa lenyewe lilitengenezwa na bwawa la Mwadingusha, ambalo mtambo wake wa umeme ulianza mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Bonde la Lufira liliingizwa na UNESCO kwenye hifadhi za viumbe na mazingira mwaka 1982. Mwenye darubini aje nayo.

Hatua ya 4: Kikundi na sheria za lami

Watu 8 mpaka 12. Chini ya hapo mizigo ya pamoja inawalemea, juu ya hapo chifu anaona jeshi linakuja.

Mkiwa kwenye lami, gawanyikeni vikosi vya watu wanne, na kati ya kikosi na kikosi muache nafasi ya lori zima kuingia. Mstari wa baiskeli kumi zilizobanana hauwezekani kupitwa, na dereva atalazimisha. Kila kikosi kina wa mbele na wa nyuma. Wa mbele awe mtu mpole anayeweza kwenda polepole bila kuona aibu. Wa nyuma awe na pompi, vifaa na simu yenye chaji, na hakuna anayebaki nyuma yake, hata aliyesimama kujisaidia.

Sasa malori. Sisi tunaendesha kulia, Zambia kushoto, na malori mengi ya njia hii yanatoka kusini yakiwa na usukani upande wa kulia. Dereva wa lori kama hilo anakaa upande wa ukingo wa barabara. Nyinyi mlio pembeni anawaona vizuri. Asichokiona ni kinachotoka mbele pale anapotaka kulipita lori jingine, mpaka awe ameshatoa kichwa kizima kwenye upande wa pili. Upande wa pili ndio wenu. Hatari kubwa basi ni lori linalokuja mbele yako likilipita jingine, kuliko lile linalonguruma nyuma. Mkiliona, msishindane: wote mnashuka kwenye changarawe. Fanyeni mazoezi ya kushuka kabla ya safari, maana ukingo wa lami una ngazi na anayeshuka kwa pembe ndogo anaanguka.

Ondokeni mjini Jumapili alfajiri kama mnaweza, malori yanakuwa machache. Kila mtu awe na kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi. Hakuna kuendesha usiku, kwa sababu yoyote.

Hatua ya 5: Baiskeli

Baiskeli ya bei kubwa si lazima. Linalosumbua kikundi ni baiskeli za aina nyingi. Matairi ya 26 na ya 28 yakichanganyika, mnabeba mipira ya ndani ya aina mbili. Valvu zikiwa tofauti, pompi moja haitoshi. Hesabuni mapema nani ana nini, na anayeweza kubadili abadili.

Karieri ya nyuma ndiyo inayovunjika. Angalieni wanaoleta makala mjini: wamezichomelea kwa vyuma vya kujengea nyumba, na mzigo wameukaza kwa mpira wa ndani uliokatwa vipande virefu. Mafundi wa mitaa ya Kenya na Katuba, hapa Lubumbashi, wanaifanya kazi hiyo kila siku, mpelekee fundi baiskeli yako umwambie "nifungie kama ya makala". Kamba za plastiki zinalegea. Mpira haulegei.

Kwa kikundi: mipira ya ndani miwili ya kila saizi, viraka na gundi, spoku kadhaa, kiungo cha mnyororo, vibao vya breki, funguo, waya mwembamba, mafuta.

Hatua ya 6: Kulala na kula

Hema zuri ni zuri, lakini bashi (turubai) kubwa iliyofungwa kati ya miti miwili inatosha kiangazi, mradi kila mtu awe na chandarua chake. Baridi inatoka chini kuliko inavyotoka juu. Ukiwa na mablanketi mawili, moja litandike chini yako, juu ya mkeka na katoni. Kofia ya sufu na soksi kavu za kulalia zisipande baiskeli mchana; zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Bukari (ugali) ndiyo nguvu. Kilo moja ya unga inashibisha watu wanne waliochoka, wakati mwingine watatu. Mboga iwe ya kupikika haraka: ndakala (dagaa), mayai, kalembula (majani ya viazi vitamu) mtakayonunua njiani, nyanya na kitunguu. Maharagwe yaacheni nyumbani, yanakula makala na saa mbili za usingizi. Kapolowe mtanunua samaki. Asubuhi chai yenye sukari nyingi, na karanga mfukoni.

Pikieni kwenye mbabula (jiko la makala), msiwashe moto wa kuni ardhini. Nyasi za Julai zinashika moto kwa cheche moja, na shamba likiungua, mwenyeji wenu ndiye atakayeitwa na majirani. Makala mtayapata njiani kwa wanaoyachoma, bei chini kuliko ya mjini. Kabla ya kulala, yamwagieni maji makala mpaka mkono ukiyagusa yawe yamepoa.

Hatua ya 7: Karatasi na pesa

Kila mtu abebe kadi ya mpiga kura au ya shule. Mgeni pasipoti na viza. Orodha ya majina yote na namba za simu iwe na nakala kadhaa, mtaiacha kwenye vizuizi mkiulizwa. Anayezungumza na polisi awe mmoja, mtu mzima, asiye na haraka. Msipige picha za vizuizi, madaraja, askari wala mageti ya migodi. Hili mlirudie kila asubuhi, vijana wanasahau.

Michango ianze miezi miwili kabla, kila juma kidogo kidogo kama likelemba (upatu), na mweka hazina aandike kwenye daftari mbele ya wote. Beba faranga za noti ndogo. Dola iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeipokea.

Dawa: bandeji, betadine, paracetamol, na chumvi za kuzuia kukaukiwa. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Mwenye homa baada ya safari apimwe malaria siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Jaribio la usiku mmoja

Majuma mawili kabla, nendeni Kipushi Jumamosi na kurudi Jumapili. Ni kilomita 30 kwenda, na kila mtu awe na mizigo yote, bila kupunguza. Lengo ni kuona karieri ya nani inapinda, nani hana blanketi, na nani hawezi kumsikiliza wa mbele. Huyo wa mwisho mwambieni mapema, kwa heshima, kwamba safari hii hataenda.

Hatua ya 9: Kurudi

Likasi mabasi ya Lubumbashi hayakosekani. Bei ya baiskeli patana kabla haijapanda juu ya gari, moja moja, si kwa jumla. Fungueni pedali, geuzeni usukani uwe sambamba na fremu, na mtu wenu mmoja apande juu kuzifunga mwenyewe kwa ile mipira. Wekeni katoni za kulalia kati ya fremu na fremu zisikwaruzane. Mweka hazina afunge daftari humohumo ndani ya basi, wakati wote bado mko pamoja.