Somo: Taimingi ya distribyuta (muda wa cheche kuwaka) kwenye injini ya Toyota 3K iliyobadilishwa kamshafti

Kipimo cha kiwandani husomwa injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukishaweka kamshafti kali (inayofungua valvu kwa muda mrefu zaidi) na kuchonga silinda hedi ili mgandamizo upande, hicho kiache. Anza na taimingi ya mizunguko mikubwa, maana ndiyo inayotoboa pistoni.

1. Tikisa rota (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta) kwa pembeni. Ikicheza, bushi imekwisha, na hakuna kipimo kitakachokaa mpaka uibadilishe.

2. Nafasi ya platini (swichi ya distribyuta, ikifunguka cheche huwaka) iwe mm 0.45. Ifanye kabla ya taimingi: nafasi ikipungua, platini huchelewa kufunguka na cheche huchelewa nayo.

3. Weka alama ya nyuzi 32 kabla ya pistoni kufika juu (sifuri) kwenye puli ya krenki: kipenyo × 3.14 × 32 ÷ 360. Puli ya mm 130 inakupa mm 36. Pima kutoka alama ya sifuri, upande unaotangulia kupita kwenye kiashiria, upake rangi nyeupe.

4. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye distribyuta (huwahisha cheche injini ikiwa na mzigo mdogo), uzibe. Washa taa ya taimingi, pandisha mizunguko mpaka alama iache kusogea, mara nyingi 3,000 hadi 3,500. Zungusha distribyuta alama nyeupe ifike kwenye kiashiria, kaza.

5. Rudi sailensa, soma tena. Ukikuta 8, vyuma vya uzito (vya ndani ya distribyuta, huwahisha cheche mizunguko ikipanda) vinaongeza 24. Kamshafti kali hutaka 12 hadi 14 ili isizime, lakini usizipate kwa kuzungusha distribyuta, kule juu utafika 38! Punguza mwendo wa vyuma hadi nyuzi 18 za krenki, yaani 9 za distribyuta, kwani yenyewe huzunguka nusu. Chomelea kidogo ncha ya tundu la kizuizi (linalowekea mwendo wa vyuma mpaka), kisha piga tupa taratibu ukipima. Sasa 14 na 18 ni 32.

Jaribu kwenye mlima, gari ikiwa na mzigo. Ikigonga (mlio wa kugongagonga ndani ya injini), chelewesha cheche nyuzi 2.

Swali: Mkuu, hapa Dodoma haigongi, nikishuka Dar inagonga. Kwa nini?
Jibu: Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, silinda haijai sana, hivyo injini huvumilia cheche ya mapema. Pwani silinda hujaa zaidi. Weka 30 uiache hapo; nguvu utakayopoteza Dodoma ni ndogo, pistoni ni ghali.

Swali: Vakyumu niizibe moja kwa moja?
Jibu: Kwa gari la barabarani hapana, inaokoa mafuta. Iunganishe kwenye tundu la kabureta lililo juu ya kipepeo (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta), isivute ikiwa sailensa.

Swali: Alama inarukaruka kwenye mizunguko mikubwa.
Jibu: Springi ya platini imelegea, au rudi hatua ya 1.